Karakana Isiyo na Bosi

Athieno wangu,

Umekwenda Lumino kumuaga bibi yako na jua bado liko juu, kwa hiyo nina nafasi ya kukuandikia kabla hujarudi. Sitakuambia ubebe sweta wala uchemshe maji ya kunywa. Hayo baba yako ameshayasema, na ameyasema mara nyingi kuliko ulivyomsikiliza. Mimi nataka kukueleza kwa nini juma lililopita, ulipotuambia habari yako, nilikaa kimya mpaka ugali ukapoa, nawe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilishtuka. Hata sasa sijatulia, utaona mwenyewe jinsi mwandiko unavyopanda na kushuka.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokulea. Baba yako ni Mjapadhola wa Tororo, mimi Msamia wa Masaba. Tungengoja mmoja wetu ajifunze lugha ya mwenzake, usingezaliwa.

Nilikuwa nimeshawatangazia akina mama wa kanisani kwamba binti yangu amepata kazi ya kuchomelea vyuma katika kiwanda kikubwa cha saruji Tororo. Kazi ya mkataba, yenye sare na kadi ya hospitali. Nilikuwa nimeshajiona nikija kukutembelea, nikisimamishwa langoni na askari, nikimwambia, "Mimi mama yake fundi Athieno." Halafu ukanawa mikono, ukasema kama mtu anayeomba chumvi:

"Mama, ile kazi sitaichukua. Nakwenda Elegu."

"Elegu ya wapi?"

"Mpakani na Sudan Kusini. Kuna watu wa baiskeli kule, walemavu wanaovusha mizigo kama nyinyi. Wamenipigia simu. Wanataka kuanza karakana yao, kama yetu."

"Watakulipa nini?"

"Hawajui. Mimi pia sijui. Tutagawana."

Baba yako akacheka. Mimi nikashika ukingo wa meza. Unajua ni miaka mingapi nimekuwa nikipigana na neno hilo, tutagawana? Wewe umelikuta limekwisha kutulia nyumbani, ukalizoea kama unavyozoea sauti ya mvua kwenye bati. Hukuona lilivyoingia. Acha nikusimulie.

Babu yako alilima pamba Masaba. Wakati huo kulikuwa na ushirika wa wakulima, na ghala lao lilikuwa refu kuliko kanisa. Msimu wa kuuza ulipofika babu yako alinipandisha juu ya magunia kwenye baiskeli yake, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa tayari imeshachukuliwa na polio na nilitaka kuona. Niliona. Pamba nyeupe mpaka darini, na watu wakisema kwa fahari, "Hii ni yetu." Mwaka mwingine tukaenda tena, tukakuta kufuli. Viongozi walikuwa Mbale, au Kampala, au popote viongozi wanapokwenda. Babu yako alisimama mbele ya ule mlango kwa muda mrefu, kisha akageuza baiskeli. Ile pamba tuliirudisha nyumbani na mbuzi wakailalia. Hakulia, wala hakumtukana mtu. Aliacha tu kulima pamba, na tangu siku ile mtu akimwambia kitu fulani ni cha watu wote alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

Tabasamu hilo nililirithi. Nilikuja nalo Busia nikiwa msichana.

Mzee Okumu, unamkumbuka kidogo, alikuwa na ile karakana nyuma ya soko. Alitengeneza baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuendeshwa kwa mikono, zenye sanduku kubwa nyuma, na akatukodisha sisi tusioweza kutembea. Kila jioni tulimpelekea chake. Mpakani watu wa forodha hawakutusumbua sana kwa kuwa tulikuwa walemavu, kwa hiyo wafanyabiashara wa pande zote mbili walitutafuta: unga, mchele, sabuni, mayai. Mikono yangu ilikuwa na nguvu ya ajabu. Nilivuka kwenda na kurudi wakati wengine bado wanapakia. Pale penye matope kabla ya geti ndipo nilipokutana na baba yako. Alikuwa anasukuma baiskeli za watu ili apate chakula. Akaja nyuma yangu akasukuma bila kuniuliza, nikamtukana kwa Kisamia. Hakuelewa. Akadhani namshukuru.

Wewe ulikuwa bado unalala ndani ya sanduku la baiskeli yangu, juu ya magunia, siku Mzee Okumu alipotuita. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Miaka yote ile ya kuchomelea bila miwani mizuri ilikuwa imemwachia ukungu tu. Wanawe walikuwa wametoka Kampala na lori, limesimama nje, wanataka kuzibeba baiskeli zote wakaziuze kama chuma chakavu. Kwao zilikuwa chuma tu. Tulifika tukiwa tumejiandaa kulia.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mashine ya kuchomelea. Akasema, "Watoto wangu wanataka kuuza. Mimi nimekataa. Hizi baiskeli chukueni nyinyi. Karakana, mashine, kila kitu. Nyinyi mtanilisha mpaka nife."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Chukueni nani, Mzee?" nikauliza. "Unampa nani?"

"Nyinyi."

"Nyinyi wote?"

"Wote."

"Sasa bosi atakuwa nani?"

Akageuza uso kufuata sauti yangu. "Sijui, Nabwire. Mimi nimechoka kuwa bosi. Kama kuna anayetaka, na achukue huo uchovu."

Mwanawe mkubwa akaondoka akipiga mlango. Barasa, yule rafiki yangu wa upande wa Kenya anayeongea kuliko anavyoendesha, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa na woga. Nami nikatabasamu lile tabasamu la babu yako. Niliwaambia palepale, mbele ya Mzee, kwamba kabla msimu wa mahindi haujaisha mmoja wetu atakuwa ameiuza ile mashine na kukimbia.

Unajua haikuuzwa. Wewe mwenyewe ulijifunza kazi juu yake. Lakini usidhani tuliimba nyimbo. Tuligombana kila jioni. Wenzangu walikubaliana kwamba tunachopata mchana kiingie katika sanduku moja la fedha. Kwanza kitoke chakula cha Mzee, halafu cha mgonjwa yeyote, halafu chuma na matairi, na kinachobaki tugawane sawa. Sawa! Mimi niliyevuka na mizigo mizito mpaka viganja vikatoa damu, nigawane sawa na Barasa aliyesimama kila penye kivuli kusimulia habari za mpira! Nilimwita mwizi mbele za watu. Akanijibu taratibu, akiniita mama kwa lugha yao ya mitaani, "Mathe, mimi sijakuibia. Nimechelewa tu."

Nilibaki kwa sababu sikuwa na pa kwenda na baiskeli nyingine. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, isiyo na pambo. Ukifika Elegu utakutana na watu waliobaki kwa sababu kama yangu. Usiwadharau. Kwa wengine wetu imani huja baadaye sana, nyuma ya mwili.

Kisha akaja yule tajiri. Ulikuwa umeanza kuvaa yunifomu ya shule ya msingi. Alikuwa na pikipiki za magurudumu matatu za kubeba mizigo, na alitaka kiwanja cha karakana kwa sababu kiko karibu na geti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linanisumbua mpaka leo. Alituletea soda. Alipozungumza nasi alichuchumaa ili asituangalie kutoka juu, jambo ambalo hata mchungaji halikumbuki. Alisema kila mmoja wetu atapata fedha yake mkononi, ya kutosha kuanza maisha mengine, na wachache watapata kazi kwake. Akatuacha tufikiri.

Nilifikiri juu yako tu. Walimu walikuwa wanakurudisha nyumbani kwa ajili ya karo. Nilikuona ukiwa mkubwa, umekaa kwenye lango la soko, unauza ndizi mbivu katika beseni. Nilijua kila mtu pale ana mtoto, ana dari inayovuja, ana jambo. Nilikuwa na hakika kabisa wote watauza. Nilichohofia ni kuonekana wa mwisho kukubali.

Kwa hiyo Barasa aliposema, "Wanaotaka tuuze wainue mkono," nilikuwa wa kwanza. Niliuinua juu, haraka. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Athieno, hakuna mkono mwingine uliokuwa juu. Mkono wangu ulikuwa peke yake pale hewani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Najua unaijua hadithi hii. Pale karakana wameigeuza utani, mtu akipinga jambo wanasema, "Leo ni mkono wa Nabwire." Umekua ukicheka nao. Lakini wanaposimulia huruka kipande kimoja, labda kwa sababu wao hawakukiona kuwa kitu. Mimi hicho ndicho kilichonivunja.

Mzee Okumu hakuwa anaona. Akauliza, "Mikono mingapi?"

Barasa akasema, "Mmoja, Mzee."

"Wa nani?"

Hakuna aliyenitaja. Hao ni watu niliokuwa nimewatukana kila jioni. Nilikuwa nimewaita wavivu, wezi, kupe. Yule mama mwenye baiskeli ya bluu nilikuwa nimemwambia hata ugonjwa wake ni wa uongo. Walikuwa na nafasi ya kunimaliza kwa neno moja, na wote walikuwa wanatazama chini, wanachezea breki zao. Nilingoja. Nilitamani mmoja aseme jina langu ili nimchukie kama nilivyozoea.

Mwishowe nikasema mwenyewe, "Ni wangu, Mzee. Nabwire."

"Nabwire unataka nini?"

"Nataka mtoto wangu asome."

Akaitikia kwa kichwa. "Na wengine hapa hawana watoto?"

"Wanao."

"Wanasoma?"

Mmoja akasema wa kwake amekaa nyumbani tangu Pasaka. Mwingine akasema wa kwake pia.

"Sasa hii kitu mbona haiko katika sanduku?" Mzee akauliza. Hakuwa anafundisha. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetafuta nyundo yake.

Barasa akakuna kichwa. "Hatukufikiria."

Ndivyo ilivyoingia. Baada ya chakula cha Mzee na cha mgonjwa, karo za watoto wote, kisha chuma, kisha ndipo tugawane. Tulichogawana kilipungua sana, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi kidogo, kwa mazoea. Yule tajiri akarudi, tukamwambia hapana, tukamrudishia chupa zake za soda. Alishangaa kama mimi. Alituuliza, "Lakini nyinyi mnataka nini hasa?"

Mtu ninayemfahamu anaponiumiza, najua la kufanya. Nimekua nikilijua. Lakini kimya kile cha wenzangu sikujua nikiweke wapi. Nililala nacho, nikaamka nacho. Mpaka leo nikipita pale penye kizingiti cha karakana, kimya kile kinanirudia.

Halafu ikaja habari ya bega. Mvua zilikuwa zimeupanua ule mtaro wa barabarani, baiskeli ikapinduka na mzigo wake wa mayai, na bega langu likachomoka. Ulikuwepo, uliniletea chai na ukaimwaga nusu. Daktari alisema nisiguse usukani kwa muda mrefu. Nilijua mambo haya huishaje. Nilikuwa nimeshawaona wenzetu wa zamani, enzi za kukodi, wakiumia wakatoweka, baiskeli akapewa mwingine kesho yake.

Jumamosi Barasa akaja, amechelewa kama kawaida, akaniwekea bahasha juu ya godoro.

"Mathe, hii ni yako."

"Sijafanya kazi."

"Najua. Kila mtu anajua, mzigo wa mayai tumeuona."

"Basi hii ni ya nini?"

"Si tulikubaliana? Ya mgonjwa inatoka kwanza. Wewe ulikuwa kwenye mkutano."

"Nilikuwa napinga!"

"Ulipinga," akasema, "lakini ulikuwepo."

Akakaa, akanisimulia mpira mpaka nikasinzia. Na katikati ya kusinzia nikashtuka, nikafumbua macho. Kitu kilikuwa kimekosekana ndani yangu na sikujua ni nini. Nilitafuta kama mtu anayepapasa ufunguo. Kumbe ilikuwa hofu. Haikuwepo. Tangu nikiwa mtoto juu ya yale magunia ya pamba nilikuwa nayo, nikala nayo, nikakuzaa nayo, nikidhani ni sehemu ya mwili kama ini. Nimelala, bega limefungwa, sifanyi kazi yoyote, na siogopi kesho. Nililia mpaka Barasa akadhani amesema kitu kibaya.

Ndiyo maana uliponiuliza mezani, "Mama, wewe huwezi kuwaza dunia yote ikiwa hivyo?" nilishindwa kukujibu. Siwezi, mwanangu. Dunia yote ni kubwa kwangu. Ninachoweza kukiwaza ni ile Jumamosi tu, nimelala na siogopi. Lakini nilipokusikiliza wewe nikatambua kwamba kichwani mwako Jumamosi ile imekwenda mbali sana.

Ulisema, labda hata hukumbuki, ulikuwa unatafuna. "Fikiria Masaba, mama. Mahindi yanawekwa kwenye ghala la wanaoyalima, na ghala liko pale wanapoliona kila siku. Mtu hauzi kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno kwa sababu mtoto anaumwa, maana zahanati nayo ni yao, haimuulizi kitu mlangoni. Mashine za kusaga ni za wanaosaga. Malori ya pale Malaba ni ya madereva. Watu wanafanya kazi asubuhi, mchana wako na watoto wao."

"Na matajiri mtawafukuza?" nikauliza.

"Wa nini? Watakuja kwenye mkutano, wakae, wangoje zamu yao ya kusema."

Baba yako akauliza, "Na mimi katika hiyo dunia nitakuwa nafanya kazi gani?"

"Wewe utakuwa unalala mchana, baba."

"Basi iharakishwe," akasema.

Mlicheka nyote wawili. Nilitaka kusema hayawezekani. Neno lilifika mdomoni. Lakini nitalisemaje mbele ya binti aliyesomeshwa na sanduku la watu wasio na miguu, ndani ya nyumba ambayo bati lake lilipigiliwa na kikundi kizima? Ningekuwa kama mtu aliyesimama mtoni, maji kiunoni, anaapa hakuna mto.

Kwa hiyo sikupingi. Ila nina mambo machache ya kukuambia, na yote nimeyapata kwa kukosea.

Utawazidi. Wewe ni fundi mzuri, mkono wako hautetemeki, na siku itakuja utakapowatazama wenzako wa Elegu jioni, umechoka, wao wamefanya nusu ya uliyofanya, na damu itakupanda. Mimi nilidhani mikono hii ni sifa yangu. Ilichukua muda nikumbuke kwamba ilipata nguvu kwa sababu miguu ilikataa, na kwamba sikuchagua lolote kati ya hayo. Barasa alipata ajali akiwa mtu mzima, mikono yake haikupata utoto wa kujifunza. Damu ikikupanda, usijilaumu. Kula kwanza. Halafu useme mkutanoni, waziwazi, usiifuge moyoni kama nilivyoifuga.

Usiwapelekee habari za Busia kama injili. Hapa tulikuwa na mtu aliyejifanya mgonjwa msimu mzima, na tulijua, na tulishindwa kukubaliana la kufanya mpaka aliposema mwenyewe. Wawili walikwenda kwa yule tajiri na hawajarudi, wanaishi vizuri tu, tunasalimiana. Mikutano yetu mingine ilikuwa mirefu mpaka watu wakasinzia kwenye baiskeli. Na Mzee Okumu hakuwa na mpango wowote, alikuwa amechoka tu, akawa na uungwana wa kusema hivyo. Wakikuuliza jambo usilolijua, sema hujui.

Na jambo la babu yako. Nimelifikiria sana mwaka huu. Nilidhani ghala lile lilikufa kwa sababu lilikuwa la watu wote. Sasa naona halikuwa la watu wote hata siku moja. Babu yako hakuwahi kuuliza swali ndani ya ghala lile, wala hakujua anayelijibu ni nani. Alipeleka, akapewa karatasi, akaondoka. Kwa hiyo mkutano ufanyieni mahali ambapo mwenye magongo anaweza kufika na mwenye macho mabovu anaweza kuuliza mikono ni mingapi. Ukiona mkutano umehamia mjini, kwenye viti vizuri, anza kupiga kelele.

Tulimlisha Mzee Okumu mpaka akafa, unakumbuka msiba ule. Wanawe walikuja kumzika. Yule mkubwa, aliyepiga mlango, alizunguka karakana, akaangalia baiskeli mpya, akaangalia vijana wanaochomelea, akaniuliza kwa adabu, "Mama, mwenye hapa sasa ni nani?" Nikamtazama Barasa, Barasa akanitazama. Tulikuwa msibani na haikufaa kucheka, tukacheka.

Nimekaribia mwisho, nasikia watoto wa jirani wametoka shule, utakuwa njiani. Kuna jambo la leo asubuhi ambalo bado sijakuambia. Ulikuwa unaoga, simu yako iko kwenye chaji juu ya kabati, ikalia. Nikaipokea. Alikuwa dada mmoja wa ofisi ya kile kiwanda, sauti nyembamba, ya adabu.

"Naongea na Athieno?"

"Mimi mama yake."

"Mama, tunamngoja athibitishe. Nafasi yake bado ipo. Atakuja?"

Wewe ulikuwa unaimba bafuni. Nakuapia, nilijiona nikimwambia angoje, kwamba nitakushawishi, kwamba mtoto bado mdogo hajui. Mdomo wangu ukafunguka. "Hatakuja," nikasema.

"Oh. Amepata kazi nyingine?"

"Ndiyo."

"Nzuri kuliko hii?"

Niliifikiria ile sare. Nilifikiria kadi ya hospitali, askari wa lango, akina mama wa kanisani. Kisha nikajisikia nikisema, "Ndiyo, dada. Nzuri kuliko hiyo." Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku ya Mzee, kuliko siku ya mkono, kwa sababu safari hii aliyenishtua ni mimi mwenyewe.

Nilidhani atakata. Hakukata. Nilisikia mlango ukifungwa kule aliko, kisha akarudi kwenye simu, ameishusha sauti kama mtu asiyetaka wenzake wasikie.

"Mama," akasema, "ni wapi huko? Wanachukua watu?"

Nikamwambia ni Elegu, amuulize Athieno fundi. Sikumwambia zaidi, kwa sababu sijui zaidi. Jina lake nimelisahau, lakini akikupigia utamjua kwa sauti. Mpokee, mwanangu. Mwambie kazi ipo, na kwamba mtagawana.

Mimi mama yako, niliyekuzaa nikiwa na hofu na ninayekuaga bila hofu,

Nabwire